Nyasi Alizozilaza Meya

Dar es Salaam,
11 Machi 1996

Mama Tadea,

Habari mpya kuliko zote niliyonayo ni kwamba nyasi za ngoro katika shamba letu la Mkumbi, mwaka huu, zimelazwa na Meya. Aliyeitoa ni mdogo wangu Isidori, aliyefika hapa jana kwa lori la mbao. Anasema ameona kwa macho yake: mzee wa Kifilipino, suruali imekunjwa hadi magotini, anakata nyasi na kuzilaza miraba miraba mtelemko mzima, na wewe umesimama juu ya shamba na kibuyu cha togwa.

Mimi ni mwandishi wa habari kwa mwaka wa kumi na tisa. Sichapishi habari ya chanzo kimoja, kwa hiyo nauliza kabla sijaamini.

Huhitaji kukumbushwa, lakini naandika ili nijione nimeandika. Kwetu Umatengo mwanamume hukata nyasi na kuzilaza, mwanamke huja nyuma yake akazifukia kwa udongo, ndipo shamba linakuwa ngoro, na mashimo yake ya kushika mvua. Anayelaza ni mume. Mume asipokuwepo, ni ndugu yake wa tumbo moja. Akilaza mwanamume mwingine, watu hawaulizi tena nani anakula jioni katika nyumba ile.

Maswali ni saba. Je, ni kweli? Zilichukua siku ngapi? Nani alimwita? Alilipwa nini? Nani mwingine alikuwepo? Aliingia ndani ya nyumba? Baba mkubwa Eusebius amesema nini?

Bwana Crisanto Lumanlan najua ni mnunuzi wa kahawa, na wewe ni karani wake wa mizani tangu serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi. Najua pia kwamba huko kwao aliwahi kuwa meya, ndiyo maana Mkumbi nzima inamwita hivyo. Katika hayo sijasoma mahali kwamba ni mume wa mtu.

Msalimie Tadea. Mwambie kamusi nitaituma.

Wako,
Clemence Ndunguru


Mkumbi,
19 Machi 1996

Baba Tadea,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa utingo wa basi, ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya ugali. Kwa hiyo maswali yako saba yameshasomwa Mbinga mjini. Najibu kwa mpangilio wako.

Ni kweli. Siku tatu. Hakuitwa; alipita kwenda kwenye ghala, akaniona nakata mwenyewe, akavua viatu. Hakulipwa, alikunywa togwa. Kunigunda jirani yetu alikuwepo siku ya kwanza na ya tatu, akifukia shamba lake ng'ambo ya kijito, na mdomo wake unaujua. Ndani hakuingia. La saba nitalifikia.

Kwanza nami niulize kuhusu chanzo chako. Isidori alikwambia alikuwa wapi tangu Januari? Alikuwa Mbamba Bay akifanya biashara ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Yeye ndiye ndugu yako wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyepaswa kuzilaza, na alirudi siku ile ya tatu, akasimama njiani, akatazama kazi yake ikifanywa na mtu mwingine, kisha akapanda lori kukuletea habari. Wewe mwenye miaka kumi na tisa kazini hukumuuliza hilo.

Wewe mwenyewe ulilaza mara ya mwisho mwaka 1991. Mwaka 1992 ulisema ni vyama vingi. 1993 ni gazeti jipya la watu binafsi, haliwezi kukuachia hata wiki. 1994 sikumbuki ulisema nini. 1995 ni kampeni. Sasa kampeni zimekwisha na Rais ameapishwa, nilidhani utakuja. Ulituma sweta.

Kuhusu Baba mkubwa. Jumapili iliyofuata alimkaribisha Meya kwenye sengu, akala na ukoo. Unajua sengu yetu: ni mahali pa kula na ni baraza la wazee, mtu hakai popote tu. Meya alikaa nafasi iliyokuwa wazi. Unajua ni ya nani.

Tadea amepita darasa. Kamusi uliiahidi mwaka juzi.

Ni mimi,
Edina


Dar es Salaam,
26 Machi 1996

Bwana Crisanto Lumanlan,
Ghala la Kahawa, Mkumbi

Ndugu,

Mhariri wangu ameniagiza niandike maisha yako, kwa sababu zahanati unayoijenga Kihagara, pwani ya Ziwa Nyasa, inatarajiwa kufunguliwa. Makala itahusu biashara yako, utumishi wako wa umma na misaada yako. Nimeambatanisha maswali tisa. Swali la tisa ni hili: mgeni anayefanya kazi za mikono kijijini, je, anajua maana ya kazi hizo kwa wenyeji?

Ningependa majibu kamili, yenye tarehe.

C. Ndunguru
Mwandishi


Mkumbi,
3 Aprili 1996

Ndugu Mwandishi,

Nazungumza Kiswahili kwa kujifunza kwa masista, kuandika bado. Mimi nasema, karani wangu anaandika.

Nilizaliwa mwaka 1936 katika mji mdogo wa pwani, mkoa wa Batangas, Ufilipino. Babu yangu alikuwa na kahawa. Kutu ya majani iliiua yote kabla baba yangu hajazaliwa, kwa hiyo nilikua nikisikia habari za kahawa kama wengine wanavyosikia habari za ndugu aliyekufa mapema. Nilipofika hapa na kuushika mti wenye buni nyekundu nilikuwa na miaka hamsini na minane, na ilikuwa mara ya kwanza.

Nikiwa na miaka kumi na sita nilibeba barafu bandarini. Ufundi wa injini za boti niliupata kwa kumtazama fundi mmoja mkali, ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Miaka kumi baadaye nilikuwa na duka la vipuri, kisha maduka matatu. Mwaka 1971 nilichaguliwa meya. Kura zangu zilitoka kwa wavuvi ambao niliwahi kuzifufua injini zao katikati ya bahari, maana mtu hasahau sauti ya injini iliyokubali kuwaka. Nilikaa miaka minane. Tulijenga bomba la maji, soko la samaki na ukuta wa kuzuia mawimbi. Ukuta ulibomoka mara moja, tukaujenga tena. Baada ya hapo nilishindwa na binamu yangu. Alikuwa anaimba vizuri kuliko mimi.

Mke wangu Milagros alifariki mwaka 1989. Katika miaka ya maduka na ya umeya, siku nilizolala nje ya nyumba yangu ni nyingi kuliko nilizolala ndani. Naomba uliandike hilo kwa sababu ni kweli.

Nilikuja Tanzania mwaka 1994 kununua kahawa, kwa kuwa soko lilikuwa limefunguliwa. Miezi ambayo hakuna kahawa nilishuka ziwani kuona kama injini zangu zitapata wateja. Pale Kihagara niliona mtumbwi unapigwa makasia na wanaume wanne kwenda hospitali ya misheni. Ndani alikuwepo mama mwenye uchungu wa siku mbili. Mimi nilikuwa nimekuja kuuza. Injini ya kwanza sikuiuza, niliifunga kwenye mtumbwi ule. Mtoto aliishi. Wanasema wamempa jina langu, lakini kwa jinsi wanavyolitamka sina hakika ni langu.

Zahanati ilianza mwaka jana. Wananchi walifyatua matofali na kubeba mawe. Mimi nilileta saruji, mabati na vitanda. Itafunguliwa Jumamosi tarehe 4 Mei.

Swali la tisa. Najua ni nyasi unazouliza. Sikujua maana yake. Kwetu mtu akihama, wanaume wa kijiji huingiza mianzi chini ya nyumba yake na kuibeba nzima mabegani hadi kiwanja kipya. Nimebeba nyumba kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza nani analala ndani.

Crisanto Lumanlan
(kwa mkono wa E. Ndunguru, karani)


Dar es Salaam,
9 Aprili 1996

Mama Tadea,

Pasaka imepita salama. Nimepokea majibu ya Meya, na nimeutambua mwandiko kabla sijafungua bahasha. Hakuna mwingine anayeandika herufi G na mkia kama wa ngedere.

Ni kurasa sita. Kwa mwendo wako wa kuandika, na kwa mtu anayetafuta maneno, nakadiria saa mbili na robo. Mimi barua yako ya mwisho ilikuwa kurasa mbili.

Nina maswali matatu. Mlikaa wapi? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? La tatu: kwenye ukurasa wa tatu, penye kifo cha mkewe, wino umekolea mahali pamoja. Kalamu ilisimama. Ilisimama kwa nini?

Utasema nina wivu. Ninao. Niliisoma barua ile nikitafuta mahali alipojisifu, nikate. Sikupata. Mhariri aliposoma alisema mtu huyu amejiandika mwenyewe, kazi yangu ni kuweka aya. Nimeshaandika habari za zahanati thelathini na tisa zikifunguliwa na watu wengine, na katika zote sijawahi kusumbuka na aliyezijenga. Hii ya arobaini nashindwa kuanza sentensi ya kwanza. Nikiandika "mfadhili" namuona kwenye sengu, amekaa mahali pangu, anapewa kiga la kuku.

Isidori nimemuuliza ulichotaka nimuulize. Alisema kweli alikuwa Mbamba Bay, kisha akasema tusibadilishe mada. Anaishi kwangu bado, anakula kama mtu aliyefanya kazi.

Clemence


Mkumbi,
13 Aprili 1996

Ndugu Clemence,

Hii naandika mimi mwenyewe. Makosa ya lugha ni yangu. Karani hajui.

Naomba kusahihisha jibu la tisa, kwa sababu ulitaka majibu kamili.

Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili jioni Mzee Eusebius alinikuta njiani, akanicheka, akaniambia maana ya nyasi. Nilirudi kulala nikijua. Siku ya tatu nilikwenda shambani na nikamaliza mistari iliyobaki.

Mke wako anadhani sikujua. Sikumgusa. Sikumwambia neno lolote. Kama angekuwa mjane ningetuma mshenga kwa Mzee Eusebius, na ningefuata desturi yenu yote. Yeye si mjane. Ana barua.

Mimi nilikuwa mume wa barua miaka mingi. Milagros alizijibu zote, hata ya mwisho, na katika ya mwisho alinieleza bei ya mchele tu.

Ukiandika maisha yangu, andika na hili. Au usiandike. Mwandishi ni wewe.

C. Lumanlan


Mkumbi,
14 Aprili 1996

Baba Tadea,

Tulikaa nje ya ghala, kwenye magogo karibu na mizani. Mlango haukuwepo kwa sababu nje hakuna mlango. Hildegardi, mke wa katekista, alikuwa hapo akichambua mbegu, na mara mbili alimsahihisha Meya Kiswahili. Kalamu ilisimama kwa sababu yeye alinyamaza. Mtu akinyamaza, karani anaandika nini?

Sasa nisikilize. Uliuliza maswali saba, ukaongeza matatu, na Meya ukampa tisa. Umeuliza kibuyu, umeuliza mlango, umeuliza wino. Hujauliza kama nimezifukia.

Sijazifukia.

Isidori naye hakuona, au aliona asiseme. Unajua kama mimi ninavyojua: mwanamume hulaza, lakini nyasi si kitu mpaka mwanamke atie udongo. Anayetia amekubali. Mimi jembe sijalitia. Nyasi za yule mzee zimelala pale zaidi ya mwezi, zimekauka, za chini zimekuwa nyeusi. Maharage ya Kunigunda yameota, yana majani mawili mawili. Kila nikienda kisimani wanawake wananiuliza kama jembe langu limeibwa. Kunigunda ananiambia, "Wifi, mbona umeliacha shamba linakausha nguo?" Nacheka nao, kisha narudi nyumbani sina mahali pa kupanda chochote.

Nilikuwa nangoja uulize. Nilijiambia, mtu wa habari ataliona tu, ni swali ambalo hata Tadea angeliuliza. Barua ya kwanza ikaja. Ya pili ikaja. Nimechoka kungoja swali.

Meya maskini hakujua kitu. Nilipokuwa namwandikia jibu lile la mwisho niliona haya kwa niaba yake, mtu mzima kuulizwa hivyo gazetini. Wala sitakudanganya: amelaza vizuri. Mistari yake imenyooka kuliko yako. Mtu aliyejenga ukuta wa bahari anajua kutazama mtelemko. Na usiniulize kama namtaka. Jiulize wewe, miaka mitano hujakanyaga shamba lile, unataka nini.

Jana Baba mkubwa Eusebius aliniita mbele ya sengu. Hakufoka. Alisema shamba la ukoo halilali mwaka mzima kwa sababu ya barua, na mvua ya Aprili haina subira. Amesema hivi: "Mwenye nyumba aje aziondoe na alaze zake. Asipokuja, mwanangu zifukie hizi hizi, nasi tutajua zimekuwa za nani." Wazee wote waliitikia. Hakuna aliyekutetea. Nilitazama kama yupo hata mmoja.

Nitaanza kufukia Jumatatu tarehe 22 Aprili, saa kumi na mbili asubuhi. Barua hii utingo hataifungua, nimemwapisha.

Edina


Dar es Salaam,
18 Aprili 1996

Bwana Lumanlan,

Marekebisho yako nimeyapokea. Hayatachapishwa.

Makala itatoka siku ya ufunguzi, Jumamosi tarehe 4 Mei, maneno elfu moja na mia mbili. Nimeandika barafu, maduka, umeya, ukuta uliobomoka, mtumbwi wa Kihagara na siku ulizolala nje ya nyumba yako. Nimehakikisha mambo mawili kwa simu kwa masista, yote umesema kweli. Hakuna nilichopunguza. Nilijaribu.

Mke wangu hajui habari ya siku ya tatu, wala hataisikia kwangu. Usidhani ni hisani. Amekuonea huruma kwa sababu anaamini hukujua, na huruma naweza kuivumilia. Sijui angeona nini akijua kwamba ulijua na ukaendelea. Nimelifikiria hilo siku mbili na sitaki kulifikiria tena.

Nimeomba likizo. Mhariri amesema wiki hii haiwezekani. Nimemwambia naondoka. Amesema hawezi kuniahidi kwamba nitakuta meza yangu. Nimeweka vitu vyangu kwenye boksi, na Isidori, ambaye anarudi nami, ndiye atakayelibeba.

Barua hii naituma kwa basi la leo ili ikutangulie. Mimi napanda la kesho Ijumaa. Jumamosi nalala Songea, Jumapili jioni nitakuwa Mkumbi, kwa Baba mkubwa Eusebius, si kwangu. Nyumbani nitaingia nikiwa nimeshalaza.

Edina ameweka kuanza Jumatatu saa kumi na mbili. Mimi nitakuwa shambani nusu saa kabla yake. Nitaziondoa nyasi zako zote, mstari kwa mstari, na kukata nyingine mbichi kandokando ya kijito. Isidori atakata, kulaza nitalaza mimi. Naambiwa mistari yako imenyooka. Yangu haitanyooka, miaka mitano nimeshika kalamu tu. Lakini itakuwa yangu, na ataamua Edina kama anaitilia udongo au anaiacha ikauke kama ya kwako.

Lakini mtu aliyezilaza akizibeba mwenyewe na kuzitoa shambani, mbele ya watu, Kunigunda akiwepo, kijiji hakitakuwa na la kuongeza. Sikuombi kama mwandishi. Njoo na mundu wako tuzitoe pamoja, Jumatatu tarehe 22 Aprili, saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Clemence Ndunguru